Bendi za dansi za Uingereza za miaka ya 1920 na 1930: kwa nini bado zinawanasa watu?

#1 Sahani78

Habari za jioni wakuu.

Mwenzenu nimenasa kwenye muziki ambao hapa jukwaani sijauona ukijadiliwa: bendi za dansi za Uingereza za kati ya vita kuu mbili. Ray Noble, Ambrose, Lew Stone, Roy Fox, Jack Hylton, Henry Hall. Na mwimbaji wao mkubwa kuliko wote, Al Bowlly.

Kwa akili ya kawaida muziki huu ulipaswa kubaki makumbusho tu. Walioucheza ujanani wamekwisha. Hammersmith Palais, ukumbi wa London uliofunguliwa 1919, ulivunjwa 2012. Lakini fungua wimbo wowote wa Bowlly mtandaoni, shuka kwenye maoni, utamkuta kijana wa sekondari anasema hajawahi kusikia sauti tamu kama hii, na wenzake kibao wanamuunga mkono.

Dai langu ni hili: siri ni kipaza sauti. Kabla ya 1925 mwimbaji alirekodi kwa kuimbia ndani ya pembe kubwa, na ilibidi apayuke ndiyo sindano itikisike. Ulipoingia urekodi wa umeme mwaka huo, mtu akaweza kuimba taratibu na bado akasikika mbele ya bendi nzima. Bowlly alilielewa hilo mapema kuliko wenzake wengi. Anaimba kana kwamba anakuambia wewe peke yako na hataki mwenye nyumba asikie. Miaka tisini imepita, sikio bado linadanganyika.

Wenye hoja nyingine karibuni.

#2 Mchokozi wa Kigamboni

Hataki mwenye nyumba asikie kwa sababu anadaiwa kodi. Endelea mkuu, nimeweka kambi.

#3 Fundi Redio

Mleta uzi uko sahihi nusu. Kipaza sauti Wamarekani walikuwa nacho pia, na Bing Crosby alikuwa anaimba kwa staili hiyo hiyo. Kwa hiyo hakielezi kwa nini rekodi za London zina ladha yake.

Tazama zilivyotengenezwa. Ray Noble alipokuwa anarekodi zile kazi zake bora za mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakuwa na bendi ya ukumbini. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya santuri ya HMV, na hiyo New Mayfair Dance Orchestra unayoiona kwenye lebo ilikuwa bendi ya studio tu. Wapigaji aliwaazima kutoka bendi kubwa za mahotelini. Usiku wanapigia matajiri, mchana wako studio kwa Noble. Maana yake alikuwa na mafundi wa mji mzima, na mbele yake hapakuwa na mtu anayetaka kucheza wala meneja anayelalamika kwamba wateja hawasikilizani. Aliweza kuipunguza bendi mpaka ikabaki fidla, piano na tarumbeta iliyozibwa mdomo.

Halafu kuna chumba chenyewe. Studio za Abbey Road zilifunguliwa Novemba 1931. Watu wanazijua kwa Beatles, lakini Noble na Bowlly walishaingia humo miaka thelathini kabla ya Beatles.

#4 NjeYaBoksi

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni filamu, basi. The Shining ya Kubrick, 1980, mwishoni unapigwa "Midnight, the Stars and You" ya Ray Noble, Bowlly akiimba, huku kamera inasogelea picha ya watu waliovaa suti kwenye dansi. Toka hapo kila anayetaka kuonyesha mzimu wenye heshima zake anaweka muziki huu. Amélie ya 2001 nayo ina "Guilty" ya Bowlly. Halafu zile gemu za dunia iliyolipuliwa na nyuklia, zimejaa hizo hizo. Kijana wa 2005 hajui London ya 1934, anajua gemu.

#5 Kinyozi Mkuu

Mkuu NjeYaBoksi, punguza spidi. Kwenye hizo gemu, sauti unayoisikia ukianza kucheza Fallout ni ya Ink Spots, na hao ni Wamarekani Weusi, kundi la waimbaji, si bendi ya dansi ya London. Ukiweka kila kitu kinachokwaruza kwenye kapu moja utaambiwa Bowlly aliimba na Mbaraka Mwinshehe.

Na hiyo The Shining, picha ya mwisho imeandikwa dansi la tarehe 4 Julai 1921. Wimbo umerekodiwa Februari 1934. Mwaka 1921 hata urekodi wa umeme aliousema mleta uzi haujaingia sokoni. Mizimu ile ilikuwa inacheza wimbo ambao haujatungwa.

#6 NjeYaBoksi

Mizimu ina kalenda yake. Hoja yangu bado imesimama.

#7 BintiNgamiani

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

Mimi si mtaalamu, nina kisa tu. Babu mzaa mama alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Meneja mmoja alipofungasha kurudi kwao alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na boksi la santuri. Boksi limeshuka mpaka kwa mama, sasa liko kwangu chini ya kitanda. Santuri ni nzito kama sahani za udongo na baadhi zimepasuka. Sindano ni za chuma, na babu alikuwa mkali kweli: upande mmoja, sindano moja, unatupa. Sisi wajukuu tulikuwa tunaziokota tunachezea, tunachapwa.

Ndani ya boksi lile kuna santuri za dansi za Kizungu zenye lebo ya yule mbwa anayesikiliza pembe. Na kuna moja ya Siti binti Saad, mbwa yule yule. Nilipokuwa mdogo nilidhani wote wanatoka bendi moja.

Wimbo niliokuwa naupenda, chini ya jina lake pameandikwa kwamba ni foksitroti, ile dansi ya Kizungu ya wawili wawili, na kwamba kuna kiitikio cha kuimbwa. Nani kaimba? Hakuna jina. Mtu anakutoa machozi na hawajamwandika!

#8 Sahani78

Dada BintiNgamiani, uzi umepata mwenyewe. Hiyo ya kutoandika jina ilikuwa kawaida. Mwimbaji alihesabiwa kama ala mojawapo ndani ya bendi. Rekodi nyingi za Bowlly na Noble zilitoka hivyo, jina la bendi tu. Tuma picha ya lebo, na zile namba ndogo zilizogongwa kwenye santuri karibu na lebo. Kuna Mwingereza, Brian Rust, alitumia maisha yake kuorodhesha rekodi za bendi hizi: tarehe, wapigaji, waimbaji, kwa namba hizo hizo.

#9 Mwana wa Makadara

Na kuhusu mbwa: binti hakukosea sana. Kampuni ilikuwa ile ile. Siti na wenzake walisafirishwa hadi Bombay 1928 kurekodiwa na HMV. Wakati huo huo HMV London inarekodi hizi bendi. Siti, ambaye alikuwa anauza vyungu, na Bowlly, ambaye alikuwa kinyozi Johannesburg, walikuwa chini ya lebo moja.

#10 Mchokozi wa Kigamboni

Kinyozi? @Kinyozi Mkuu, kumbe unatetea mwenzako wa kazi.

#11 Kinyozi Mkuu

Siwezi kumwangusha ndugu wa mkasi 😂

#12 Leicester Mswahili

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao, na nataka kuua hoja moja kabla hajaja mtu kuileta, kwamba wazee wa Kiingereza wanakumbuka ujana wao.

Pigeni hesabu. Bibi wa miaka 80 leo amezaliwa katikati ya miaka ya 1940. Ujana wake ni Beatles na Rolling Stones. Huyu bibi muziki wa 1932 haukuwa wake, ulikuwa wa mama yake. Tukiweka nyimbo za zamani alasiri, wanachangamka kwa Elvis. Wa kukumbuka Henry Hall redioni kwa akili zake wamebaki wachache sana. Kwa hiyo anayeupenda muziki huu leo, hata akiwa na mvi, anapenda kitu ambacho hakukiishi.

Yupo mzee mmoja tu pale wa kwetu, wa Kihindi aliyekulia Kampala. Yeye ndiye anayeomba Bowlly. Anasema baba yake alikuwa nazo. Nikimwambia Bowlly alizaliwa Afrika ananijibu, "Ndiyo maana."

#13 NjeYaBoksi

Leicester asante, umenipigia pasi. Kama si kumbukumbu, basi ni filamu na runinga. BBC 1978 walitoa tamthilia ya Dennis Potter, Pennies from Heaven, waigizaji wanafungua midomo na zinatoka sauti za rekodi za miaka ya 1930. Baada ya hapo wasiokuwepo nao wakaanza kukumbuka.

#14 Mpemba Mtaratibu

Lakini ndugu yangu, Potter naye alizitoa wapi hamu hizo? Filamu haiwezi kukupa hamu usiyokuwa nayo. Ingekuwa hivyo kila muziki uliowekwa kwenye filamu ungependwa, na mingi imesahaulika na filamu zake. Bendi ya Pasadena Roof Orchestra ilianzishwa Uingereza 1969 kupiga mtindo huu huu jukwaani. Miaka tisa kabla ya hiyo tamthilia yako, kumi na moja kabla ya Kubrick. Watu walikuwa wanalipa kiingilio tayari.

#15 Wakili wa Mtaani

Nyote mmesahau kitu kimoja kikavu: sheria.

Uingereza, haki ya rekodi ilikuwa miaka 50. Rekodi ya 1934 ikawa huru kuanzia 1985. Toka hapo kampuni yoyote ndogo iliweza kutoa CD za bei chee za Bowlly bila kumlipa mtu kwa ile rekodi, na ndivyo ilivyokuwa, zikajaa mpaka kwenye vituo vya mafuta. Baadaye ikaja YouTube. Muziki usio na mwenyewe unasambaa. Ule wenye mwenyewe unafungiwa. Nyie mnaita mvuto, mimi naita haki kwisha muda.

#16 Fundi Redio

Wakili, mbona 2013 waliongeza ikawa miaka 70?

#17 Wakili wa Mtaani

Waliongeza kwa zile ambazo zilikuwa bado hazijaisha muda. Iliyokwisha kuwa huru haikurudishwa ndani. Kwa hiyo ya 1934 ilishatoroka.

Ila msiende kuziuza Marekani. Kule rekodi ya 1934 inalindwa hadi mwisho wa 2034. Na utunzi ni jambo jingine kabisa. Ray Noble mwenyewe, aliyetunga "The Very Thought of You", alifariki 1978, kwa hiyo kwa Uingereza maneno na melodia yake yanalindwa hadi mwisho wa 2048. Rekodi huru, wimbo bado. Mkiuimba baa, baa inatakiwa kulipa.

#18 Mchokozi wa Kigamboni

Baa ninayoijua mimi haijalipa hata umeme.

#19 Mwana wa Makadara

Mie nna swali jingine. Mwasema muziki wa Kiingereza. Waingereza gani hao?

Al Bowlly: kazaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, baba Mgiriki, mama Mlebanoni, kalelewa Johannesburg. Akapita India na Singapore akiimba mahotelini, akarekodi Berlin 1927, ndipo akaingia London 1928 kwa bendi ya Fred Elizalde kwenye hoteli ya Savoy. Elizalde mwenyewe kazaliwa Manila. Ambrose kazaliwa Warsaw. Lew Stone, Harry Roy, Geraldo, Joe Loss, wote watoto wa Kiyahudi wa London, wengi wazazi wao wamehamia juzi juzi. Roy Fox na Carroll Gibbons, Wamarekani. Ken Johnson katoka Guyana, na bendi yake imejaa Wakaribiani. Hutch, aliyekuwa kipenzi cha matajiri wa Mayfair kwa piano na sauti, katoka Grenada.

Hawa ndio waliowafundisha mabwana kucheza. Kwangu hapo ndipo ladha ilipo. Kila mmoja anajitahidi kusema Kiingereza safi kuliko mwenye nacho, na chini yake wasikia mtu aliyetoka mbali. Sie wa pwani twaijua sauti hiyo.

#20 Sahani78

Mwana wa Makadara, chukua maua yako. Msikilize Bowlly anavyotamka, hakuna Mwingereza wa mtaani aliyesema hivyo. Ni Kiingereza cha mtu aliyekivaa kama suti ya kupiga pasi.

#21 Leicester Mswahili

Mmemtaja Ken Johnson mkampita. Tarehe 8 Machi 1941 alikuwa anapiga Café de Paris, ukumbi wa chini ya ardhi katikati ya London uliokuwa unajinadi kuwa salama kwa mabomu. Bomu likaingia mpaka kwenye sakafu ya dansi. Walikufa zaidi ya thelathini, pamoja na Johnson mwenyewe, miaka 26 tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili, mwaka huo huo, Bowlly alikuwa amepiga onyesho High Wycombe, nje ya London. Angeweza kulala huko, akapanda treni ya mwisho kurudi kwake Jermyn Street. Usiku ule bomu la parachuti likaangukia nje ya jengo lake. Akazikwa kaburi la pamoja, Hanwell.

Hesabuni toka Machi 8 hadi Aprili 17.

#22 Mpemba Mtaratibu

Arobaini. Arobaini kamili. Mungu awapumzishe.

Basi mimi hapo ndipo penye jibu langu. Tukisikiliza sisi twajua linalokuja, wao hawajui. Mtu anaimba mwezi na nyota mwaka 1934, nawe wajua kabakiwa na miaka saba. Furaha yao tunaisikia kama maombolezo. Muziki haukuwa wa huzuni, huzuni tumeiweka sisi.

#23 Fundi Redio

Nakubali robo. Hata Bowlly angekufa mzee kitandani, zile rekodi zingekuwa na majonzi. Sikiliza mpangilio. Mwaka 1932 na 1933 Uingereza ilikuwa na karibu watu milioni tatu wasio na kazi. Waliopiga walijua, waliosikiliza walijua. Ile raha ilikuwa na ufa toka mwanzo.

#24 Mkombozi_wa_Kweli

Samahani kwa kuvuruga ibada. Milioni tatu hawana kazi, na nyie mnasifia muziki uliopigwa kwenye hoteli ambazo mshahara wa mchimba makaa usingemfikisha. Wakati huo huo babu zetu wanalipa kodi ya kichwa ili hao hao wacheze foksitroti. Mvuto gani? Mnalilia meza ambayo hamkualikwa. Kama mnataka cha kulilia, Morogoro Jazz ipo, Kilwa Jazz ipo.

#25 Kinyozi Mkuu

Mkombozi, kuhusu kodi huna mpinzani. Kuhusu nani aliusikiliza muziki huu, hapana.

Hotelini waliingia wachache, ndiyo. Lakini BBC ilikuwa inarusha bendi hizo hizo moja kwa moja toka Savoy tangu miaka ya mwanzo ya 1920, na usiku wa manane mchimba makaa mwenye redio alisikia bendi ile ile anayoisikia mwana wa mfalme. Mwaka 1928 BBC ikawa na bendi yake ya dansi chini ya Jack Payne, 1932 akaichukua Henry Hall. Duka la Woolworths, ambalo halikuuza kitu kwa zaidi ya peni sita, liliuza santuri ndogo za lebo ya Eclipse kwa bei hiyo hiyo. Nyingi majina ya bendi ni ya bandia, wapigaji ni wale wale. Na Palais ya Hammersmith ilikuwa ya makarani na wauza duka, siyo malodi.

#26 Mkombozi_wa_Kweli

Kwa hiyo maskini aliuziwa ndoto ya tajiri kwa peni sita. Umenisaidia.

#27 Kinyozi Mkuu

Na akaicheza vizuri kuliko tajiri.

#28 Mzee wa Kariakoo

Vijana, nawasoma toka asubuhi. Mnautenga muziki huu na sisi kama vile haukufika. Ulifika. Nairobi kulikuwa na kituo cha redio tangu 1928, na idhaa ya BBC ya makoloni ilianza Desemba 1932. Dar es Salaam Jazz imeanza 1932. Waliokuwa wanakwenda klabu za dansi enzi hizo walikuwa makarani, walimu, wauguzi, wamevaa tai, wanacheza waltzi na foksitroti, hatua zimehesabiwa. Kuna watu walifundishana hatua kwa kuchora nyayo kwa chaki sakafuni. Dansi yetu yote imetoka kwao.

#29 Mwana wa Makadara

Shikamoo mzee. Yote umesema ila neno "yote" lipunguze. Kabla ya dansi palikuwa na beni, ngoma za Arinoti na Marini, matarumbeta na magwaride, na hizo zilianza huku kwetu pwani kabla ya vita ya kwanza. Halafu kuanzia 1933 HMV wakatoa santuri za GV, nyimbo za Kikuba, na hizo ndizo zilizoingia damuni kwa watu kutoka Kongo hadi huku. Foksitroti ilitupa viatu na tai. Kiuno kilitoka Cuba.

#30 Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Kiuno tulikuwa nacho, Cuba walitukumbusha tu.

#31 Mchokozi wa Kigamboni

Uzi ufungwe hapa 🔥

#32 Fundi Redio

Usifungwe, kuna kitu hakijasemwa. Chukueni rekodi moja tu msikilize kwa saa mkononi. Mimi natumia "The Very Thought of You" ya Noble, 1934.

Santuri ya inchi kumi ina nafasi ya dakika tatu na kidogo. Bendi inaanza peke yake na kuupiga wimbo bila maneno, saksofoni zinasema melodia wazi, fidla zinajaza. Unasubiri. Mwimbaji hayupo. Rekodi inapokaribia katikati ndipo Bowlly anasimama. Anaimba mara moja. Harudii. Hakuna kupandisha sauti mwishoni ili upige makofi. Anakaa, bendi inaendelea kana kwamba hakupita, inamalizia.

Leo wimbo unaanza na mwimbaji, unakwisha na mwimbaji, na katikati anajitaja jina. Pale mtu amekuja, amesema lake kwa sauti ya chini, ameondoka. Unarudisha sindano siyo kwa sababu umeridhika, ni kwa sababu hujaridhika. Umbo lenyewe ndilo linalokutega.

#33 Sahani78

Hii imeniingia. Ndiyo maana zile alizorekodi peke yake, anazoimba mwanzo mwisho, hazinishiki sana.

#34 Mpemba Mtaratibu

Lakini umbo hilo halikuwekwa kwa sanaa, Fundi. Liliwekwa kwa wachezaji. Watu wamelipa kucheza, maneno yanawachelewesha. Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, Victor Silvester: bingwa wa dunia wa dansi 1922, akaunda bendi yake katikati ya miaka ya 1930 kwa sababu aliona bendi nyingine hazishiki mapigo. Yeye akaondoa mwimbaji kabisa. Mapigo kama saa ya ukutani. Aliuza santuri kwa mamilioni, na nani hapa anamlilia? Basi umbo peke yake halitoshi.

#35 Fundi Redio

Silvester aliondoa chumvi ndiyo maana.

#36 Mama Wawili

Naomba niseme kitu kisichopendeza. Nimesikiliza rekodi nyingi za enzi hizo mfululizo nikipika, nyingi ni za kuchosha! Mapigo yale yale, mwezi ule ule, na nyimbo za kipuuzi juu ya wadudu na wanyama. Mnachokiita mvuto ni kwamba wakati umepepeta kwa niaba yenu, mnakula punje halafu mnasifu shamba. Sasa hivi tukipepeta Bongo Fleva tukaacha thelathini tu, mjukuu wangu ataandika uzi kama huu.

#37 Mchokozi wa Kigamboni

Mama Wawili hujafika kwa Harry Roy. Yule jamaa nyimbo zake za 1931 ukizitafsiri mbele ya wakwe utahama mtaa.

#38 Mpemba Mtaratibu

Mafumbo kila mahali yapo. Wangekuwa Unguja wangeimbiwa taarabu, wakatunzwa, na mtu akanuna.

#39 Mama Wawili

Basi huyo Harry Roy mnitumie 😄 wengine wakae.

#40 NjeYaBoksi

Narudi na ushahidi wangu wa mwisho. Mwingereza mmoja, Leyland Kirby, kwa jina la The Caretaker, alitoa kazi ya sehemu sita kati ya 2016 na 2019, karibu saa sita na nusu, kuonyesha akili inavyopotea kwa ugonjwa wa kusahau. Malighafi yake ni santuri za enzi hizi. Inaanza na kipande cha "Heartaches" ya Bowlly, kinarudi rudi, kinachakaa, mwishoni ni mngurumo tu. Mwaka 2020 vijana wa TikTok wakageuza kuwa shindano la nani ataimaliza yote. Na jina The Caretaker limetokana na The Shining. Filamu tena!

#41 Leicester Mswahili

NjeYaBoksi, kwa mara ya kwanza nakusoma vizuri. Ila kazini kwangu nimewahi kuona kinyume chake. Mama aliyekuwa hajui jina la mwanawe, ukiweka wimbo alioucheza ujanani, maneno yote yanatoka, ubeti kwa ubeti. Wimbo ndio uliobaki, vingine ndivyo vilivyokwaruzika. Huyo Kirby kageuza.

#42 NjeYaBoksi

Na huyo mama alikuwa anaimba nini? Elvis, umesema mwenyewe. 😏

#43 BintiNgamiani

Wakuu samahani kwa kuchelewa, nilikuwa natafuta boksi. Picha nimeituma hapo juu. Kumbe lebo haisemi Ray Noble. Imeandikwa Ambrose na bendi yake, na hoteli ya May Fair, London. Namba nimeziandika pembeni. Sasa huyu aliyenitoa machozi ndiye Bowlly wenu?

#44 Fundi Redio

Dada, Ambrose chini ya mbwa, sauti ya kiume, miaka hiyo ya mwanzo ya 1930: dau langu ni Sam Browne. Ndiye aliyekuwa mwimbaji wake wa kudumu. Nitaangalia namba kwenye orodha ya Rust kesho nikitoka kazini.

#45 Mchokozi wa Kigamboni

Kwa hiyo tumemlilia Bowlly post arobaini na kitu, na mtoto wa watu katolewa machozi na Sam Browne ambaye hakuna aliyemtaja. @Sahani78 njoo useme na yeye alikuwa na kipaza sauti chake.

#46 Sahani78

Alikuwa nacho. Na Browne ni uzi mwingine, naufungua Ijumaa. Dada, usiipige hiyo santuri kwa sindano iliyokwisha tumika, tafadhali. Babu yako alikuwa na haki.